Tintin Safarini Tibet: Kitabu, Mchezo na Wasomaji wa Nakivale

Hadithi za picha hazina sifa njema miongoni mwetu walimu. Mwanafunzi akikutwa na katuni chini ya dawati, aghalabu hunyang'anywa. Michezo ya video nayo twaihesabu kuwa adui kabisa wa usomaji. Katika uhakiki huu tunakusudia kuitazama kazi moja iliyo katuni na mchezo pia, tupime kilichosalia na kilichopotea ilipotolewa kitabuni ikatiwa katika mashine.

Kazi yenyewe ni "Tintin au Tibet" ya Hergé, mchoraji wa Ubelgiji ambaye jina lake halisi ni Georges Remi. Ilitoka gazetini kwa mfululizo mwaka 1958 na 1959, ikawa kitabu mwaka 1960. Mwaka 1995 kampuni ya Infogrames ya Lyon, Ufaransa, iliigeuza kuwa mchezo wa kurukaruka kwa mashine za Super Nintendo na Mega Drive. Mashine hizo hazitengenezwi tena, lakini vijana wa leo huucheza kwa programu ziigazo mashine za zamani. Sisi tuliuona mara ya kwanza katika duka moja la kompyuta mjini Mbarara, kisha tukautazama pamoja na wanafunzi wetu wa Kiswahili katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro.

Kwa wanafunzi watokao Kongo jina la Tintin si geni, wala si jina jema kwa wote. Hadithi ya Tintin nchini Kongo, iliyoanza mwaka 1930, iliwachora Wakongo kama watoto wasio na akili. Mwaka 2007 Mkongo mmoja aliishtaki nchini Ubelgiji. Mwaka 2012 mahakama ikayakataa madai yake. Ndiyo maana mzee mmoja darasani alituuliza, "Mwalimu, huyo si yule aliyetutukana?" Swali hilo ni la haki, na mhakiki hana ruhusa ya kulikwepa.

Jibu letu ni kwamba msanii huyo alibadilika, na twajua aliyembadilisha. Mwaka 1934 alikutana mjini Brussels na Chang Chong-jen, mwanafunzi wa sanaa kutoka China, aliyemfundisha kuitazama nchi ya watu kwa macho ya heshima. Baadaye wakapoteana kwa miaka mingi, hata walipoonana tena mwaka 1981. Hadithi ya Tibet iliandikwa katika miaka hiyo ya kupoteana. Tintin aota ndoto kwamba rafiki yake Tchang, aliyekuwa katika ndege iliyoanguka milimani, yu hai na anamwita. Kila mtu amwambia kuwa Tchang amekufa. Yeye hasadiki, na anakwenda.

Katika maudhui, uzito wa kitabu hiki ni kwamba hakina adui. Hata yule zimwi la theluji aogopwaye na wote, mwishoni twagundua kuwa ndiye aliyemlisha na kumtunza Tchang. Kilele, kwa maoni yetu, ni pale Nahodha Haddock aninginiapo kambani juu ya genge, akataka kuikata kamba afe peke yake kuliko kumvuta Tintin shimoni. Anayewaokoa ni Tharkey, kiongozi wao wa njia, aliyekwisha kuwaacha, kisha dhamiri ikamrudisha.

Sasa tuutazame mchezo. Katika fani una mambo mawili ya kusifiwa. Kwanza, picha zake zimeufuata mkono wa Hergé kwa uaminifu: mistari safi, rangi tulivu. Pili, Tintin hana silaha. Huruka, huinama, hukimbia, basi. Watungaji walielewa kwamba shujaa huyu hashindi kwa kupiga.

Lakini hapo ndipo kasoro kubwa ilipozaliwa. Mchezo wa aina hii hauwezi kwenda bila vikwazo, na kitabu kisicho na adui hakikuwapa watungaji vikwazo vya kutosha. Wakawageuza watu kuwa vikwazo. Mtu apitaye njia yake, akimgusa Tintin tu, humpunguzia uhai. Mchezaji hufunzwa kumwona kila mtu kama jiwe la kurukwa. Kitabuni Tintin hafiki popote ila kwa msaada wa watu. Mchezoni hufika kwa kuwakwepa.

Tuliwapa wanafunzi zoezi la kusimulia upya walichokiona. Kijana mmoja aliuliza kwa Kiswahili cha Kivu, "Mwalimu, mubaya ni nani?" Kabla hatujajibu, mama mmoja akasema kwamba yeye, alipokimbia, watu wa njiani ndio waliompa maji na kumwonyesha kivuko; kama angewaruka wote asingefika Nakivale. Darasa likanyamaza. Kisha mwingine akaanza kusimulia habari za ndugu yake ambaye wote wanamwambia amekwisha kufa, naye bado anamtafuta. Hatukumsahihisha ngeli hata moja siku hiyo.

Hukumu yetu, basi, ni hii. Kama mchezo, kazi hii ni nzuri kwa macho na ngumu kupita kiasi kwa vidole. Kama tafsiri ya kitabu, imeuchukua mwendo wa safari ikaiacha sababu yake. Hata hivyo kasoro hiyo yaweza kumfaa mwalimu, kwani maneno ya mchezo ni machache, na pale uliponyamaza mwanafunzi hana budi kusema mwenyewe.

Baraza la Mawaziri la Uganda liliamua mwaka 2022 kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima shuleni, na uhaba wa vitabu sote twaujua. Tusingoje vitabu tu. Twawaomba walimu wenzetu watakaokutana na katuni chini ya dawati, kabla ya kuinyang'anya, wamtake mwanafunzi aisimulie kwa Kiswahili, kisha wamwulize: katika safari hii, nani alimsaidia nani?