Swali Lililokwisha Kujibiwa: Juu ya Muulizaji katika Ngonjera

Jamii yoyote inayokusudia kugawana maarifa haina budi kuamua mapema namna ya kumtendea muulizaji baada ya kuuliza. Fasihi ya Kiswahili imelitatua jambo hili kwa njia zaidi ya moja, na njia hizo hazilingani kwa thamani. Ngonjera, ambayo ndiyo iliyozoeleka mno shuleni, ndiyo inayostahili kutiliwa shaka zaidi.

Mathias Mnyampala (1917–1969), Mgogo wa Dodoma, ndiye aliyeipa ngonjera sura inayojulikana leo. Vitabu vyake viwili vya Ngonjera za Ukuta vilitoka mwaka 1970 na 1971, baada ya kufa kwake, vikaingia katika shule za Tanzania. Azimio la Arusha lilikuwa limetangazwa mwaka 1967, na washairi walitakiwa kuieleza siasa mpya kwa wananchi. Fani ikafuata kazi hiyo: asiyejua anauliza au anabisha, ajuaye anajibu, wanapokezana beti, na mwishowe mbishi anakiri kosa na kushukuru. Mtunzi aliwahi kuwa hakimu, na msomaji huhisi kwamba yumo barazani. Ila hukumu imekwisha kuandikwa kabla ya shauri kusikilizwa.

Ajabu ni kwamba beti za mbishi mara nyingi ndizo zenye uhai. Yeye hutaja vitu vya mkononi, kama jembe, mali na jasho lake, hali mjuzi hutaja maneno makubwa. Kisha ubeti mmoja unamgeuza, na ukitafuta ndani ya shairi ni hoja gani iliyomshinda, huioni. Hapo kasoro si ya maudhui. Mtu anaweza kuupenda ujamaa kwa moyo wote na bado akaona kwamba utunzi umelegea.

Msomaji wa Lubumbashi hahitaji kufafanuliwa sana jambo hili. Mwaka ule ule wa 1967 chama cha MPR kilizaliwa huku, na katika animasio ya kisiasa ya zama za Mobutu umati uliulizwa una baba wangapi, mama wangapi, nchi ngapi na chifu wangapi. Jibu lilikuwa moja tu kila mara, na kila mtu alilijua kabla ya kuulizwa. Si haki kumweka Mnyampala katika safu hiyo, kwa maana yeye anampa mpinzani beti kamili na sauti yake mwenyewe. Hata hivyo undugu upo: pande zote mbili swali ni mlango uliochorwa ukutani.

Tofauti yake ni majibizano ya magazetini. Katika Mambo Leo, lililoanza kutoka Dar es Salaam mwaka 1923, mshairi aliweza kuwauliza wenzake jambo kwa shairi, na jibu likaja katika toleo la baadaye. Desturi ya majibizano humtaka mjibu afuate bahari ya muulizaji na, akiweza, vina vyake. Wengi huiona kuwa pambo, kumbe ni adabu ya maarifa: huwezi kumjibu mtu kwa vina vyake pasipo kumsoma kwa makini. Zaidi ya hayo, gazeti lilipokuwa likitoka mara moja kwa mwezi, swali lilikaa mikononi mwa wasomaji bila jibu, na mtu wa tatu aliweza kuingia akasema kwamba wote wawili wamekosea.

Kitendawili nacho kina hekima yake. Aliyeshindwa hutoa mji, akaambiwa jibu, watu wakacheka, naye akatega chake. Hakuna anayemdai toba.

Uchapishaji umeidhuru mila hii. Diwani hukusanya kazi za mtunzi mmoja, na hivyo upande wa pili huachwa nje. Muyaka bin Haji wa Mombasa alijibizana na Zahidi Mngumi wa Lamu. Anayemsoma Muyaka peke yake anasikia nusu ya ugomvi, kisha anaiita falsafa.

Kwa mwalimu anayefundisha ngonjera katika chuo chetu, liko zoezi moja linaloweza kuipima vilivyo. Aikate kabla ya ubeti wa kukiri kosa, awaachie wanafunzi waendelee kwa bahari ile ile na vina vile vile. Wakiweza kumshinda mbishi kwa hoja zilizomo, Mnyampala atakuwa ametetewa. Wasipoweza, na mbishi akaendelea kubisha hadi kengele inalia, wasilazimishwe kumfunga mdomo. Zile beti zao zichapwe pamoja na swali, na wanafunzi wa mwaka utakaofuata wapewe zote.