Bistro Kando ya Malagarasi

Katika kazi yangu ya kufasiri mashairi machache ya Kifaransa, neno moja limenisumbua kuliko vina na mizani. Neno lenyewe ni bistro. Mara ya kwanza nililiandika "mkahawa", nikaona nimemaliza. Msomaji mmoja wa Unguja akaniletea salamu kwamba shairi limempendeza, ila hakufahamu vipi mshairi aingie mkahawani saa saba mchana, atoke ameshiba nyama. Alisema kweli. Kwa mtu wa pwani neno hilo bado lina harufu ya mdele, kashata na mazungumzo ya barazani. Bistro ni pahala pa chungu.

Wafaransa wenyewe hawajakubaliana juu ya asili ya jina. Husimuliwa kwamba askari wa Kirusi walioingia Paris mwaka 1814 walihimiza vinywaji kwa kusema "bystro", yaani upesi. Hadithi ni tamu, lakini neno halionekani katika maandishi ya Kifaransa hadi miaka ya 1880, na wajuzi wengi wa kamusi wanaitilia shaka. Mimi nami siiamini, kwa sababu yangu nyingine: bistro si pahala pa upesi. Ninaipenda zaidi habari ya watu wa Auvergne, milimani katikati ya Ufaransa, waliohamia Paris katika karne ya 19 wakauza kuni na makaa, na ubavuni mwa makaa wakauza mvinyo. Bistro nyingi zilizaliwa katika vyumba hivyo vyeusi vya makaa. Mtu aliingia kutafuta moto wa nyumbani kwake, akakuta pa kukaa.

Humo chakula ni kimoja au viwili kwa siku, kimeandikwa kwa chaki ubaoni, na kesho kitafutwa. Huenda ikawa nyama ya mfupa iliyochemshwa pole pole pamoja na karoti, supu ikatangulia na nyama ikafuata na haradali. Au samaki wa heringi aliyelowekwa mafutani, pamoja na viazi. Katika ukumbi wa Chartier, uliofunguliwa Paris mwaka 1896 (wenyewe huuita bouillon, yaani supu, lakini ni ndugu wa bistro), zimehifadhiwa droo ndogo za mbao zenye namba, ambamo wateja wa kila siku waliweka vitambaa vyao vya kulia. Nilipoisoma habari ya droo hizo nilifunga kitabu nikatoka nje kutembea. Mtu masikini kuwa na droo yake katika jiji kubwa namna ile!

Mezani kwa Kifaransa nilikaa kwa mara ya kwanza Bujumbura, mwaka 2011, nilipokwenda kutafuta kamusi. Kifaransa nilikuwa nimejifunza bila darasa, kwa kamusi isiyo na jalada na kwa wachuuzi wa Uvira na Kalemie, na nilitamani kukisikia kikisemwa na sahani. Kule upishi wa Kizungu uliletwa na Wabelgiji, waliotawala hadi mwaka 1962, na baadhi ya maneno yake yalikwisha kuwa ya wenyeji: mishikaki huitwa brosheti na hakuna anayeona ugeni. Nyumba niliyoingia sitaitaja. Ilijiita bistro kwa herufi za dhahabu. Nililetewa karatasi ya vyakula iliyofunikwa kwa plastiki, kurasa sita. Niliagiza cha kwanza, hakipo. Cha pili, hakipo. Cha nne ndipo mhudumu aliponionea huruma, akasema, "Mzee, chukua mukeke."

Mukeke ndiye migebuka wetu wa Kigoma, samaki mwembamba, mwenye mafuta yake mwenyewe, asiyetaka zaidi ya moto, chumvi na ndimu. Huyu aliletwa amezama katika mchuzi mzito wa unga na maziwa, mweupe kama chokaa ya ukuta. Nilimtafuta kwa uma kama mtu anayetafuta maana katika shairi lililojaa misamiati ya kamusi. Niseme haki: viazi vya kukaanga vilikuwa vizuri mno, na mkate ulivunjika kwa sauti. Mvinyo sikuutia mdomoni, kwa hiyo uhakiki wangu una pengo hapo. Lakini kosa la nyumba ile halikuwa upishi. Karatasi ilikuwa ndefu, jiko fupi. Na mwenye jiko hakuonekana.

Huku Ilagala, mahali tunapongojea kivuko cha mto Malagarasi, yupo mama anayepika chini ya paa la makuti. Mabenchi mawili, meza moja, masufuria matatu. Hapana karatasi wala ubao. Unauliza, "Leo kuna nini, mama?" naye anajibu kwa kutazama ziwa. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Mbalamwezi ikikamilika hawaziendei taa, na wavuvi hupumzika siku kadhaa. Kwa hiyo orodha ya chakula chake huandikwa na mwezi. Mwezi mchanga, dagaa wa mawese kwa ugali wa muhogo. Mwezi mpevu, sombe, au maharage. Akipata migebuka humwacha alivyo.

Na kwa kuwa kivuko kina saa zake, mtu hakai hapo kwa kutaka. Nimemsikia mchuuzi wa mawese akibishana na mwalimu juu ya methali moja hadi kivuko kikaenda kikarudi. Mwenye jiko aliamua ubishi huo bila kuinua macho kwenye sufuria.

Simpambi. Moshi unaumiza macho, benchi moja lina mguu mbovu tangu niijue banda ile, na chumvi ya Uvinza haiko mbali, jambo ambalo mkono wake unalijua kupita kiasi. Lakini serikali ya Tanzania iliposimamisha uvuvi ziwani kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti mwaka 2024, ili samaki wazaliane, nilikwenda pale nikidhani nitamkuta amefunga. Alikuwa na maharage, jana yake maharage, na kesho maharage. Mteja mmoja akalalamika. "Baba," akamwambia, "ziwa limelala. Nikupikie uongo?"

Nililipa, nikaenda nyumbani nikafungua rasimu. Palipokuwa na "mkahawa" nikaandika "kwa mama ntilie". Mizani ilivunjika, nikaupangua ubeti mzima usiku ule. Ninajua hoja ya upande wa pili: jina hilo limebeba dhiki, nalo bistro siku hizi limebeba fedha, Mfaransa wa leo hulipa si haba kukaa palipokaa mbeba makaa. Lakini mshairi ninayemfasiri hakuingia kutafuta umaridadi. Aliingia kwa njaa, na kwa kutaka mtu anayemjua amwambie leo kuna nini.

Msomaji wangu wa Unguja nimempelekea ubeti mpya. Amejibu kwamba sasa nyama ameielewa, ila anauliza droo ya kitambaa nimeifasiri vipi. Pale kivukoni kuna msumari ukutani, na kikombe changu cha bati kimetundikwa hapo. Sijui kama utaingia katika mizani.