Kuupima Mchoro wa Haraka

Aliyepata kukaa Kingolwira alfajiri ya kiangazi, akaielekea Uluguru hali jua limo mgongoni mwake, anajua ya kuwa milima ile haimngoji mtu. Kwani aghalabu, kabla ya adhuhuri kuwadia, mawingu yatokayo pande za Bahari ya Hindi huja yakavifunika vilele, na mabonde yaliyokuwa bayana kama mishipa ya mkono wa mzee yakatoweka. Kwa hiyo ni mahali pazuri pa kumpambanua mchoraji mwepesi na mwenye pupa, ambao wengi huwadhania kuwa ni mtu mmoja.

Ukipewa mchoro wa kalamu ya risasi, usianze kuutazama usoni: ugeuze, uupapase mgongo wa karatasi kwa ncha ya kidole. Ukihisi makovu yaliyo sawasawa kila mahali, basi aliyechora alikandamiza kwa khofu, hakuchagua lipi kubwa na lipi dogo. Lakini ukiuhisi mkazo pale shingo ya mama aliyejitwika mkungu wa ndizi inapobeba, na pale kisigino kinapopokea uzito, na kwingine kote ni laini, jua kwamba jicho lilikwisha kuhukumu kabla mkono haujaondoka. Mstari uliokosea, ukaachwa, na wa pili ukapita kando yake, si aibu. Mimi huupenda kuliko kifutio.

Makaa ya jikoni hayafai, ni magumu na hukwaruza. Ya kuchorea ni vijiti vyembamba vilivyochomwa ndani ya kopo lililofunikwa, visipate hewa ya kuvigeuza majivu. Hapa tazama kama weusi una daraja, au ni moshi tu uliosuguliwa kwa kiganja ili kuficha umbo lisilojulikana.

Wino haukubali toba. Nukta nene iliyo katikati ya mstari ni mahali kalamu iliposimama ikiwaza, na zikizidi, mchoraji alianza kuchora kabla ya kutazama. Margaret Trowell, aliyeanza kufundisha sanaa Makerere katika miaka ya 1930, chuo alichosoma mchoraji Sam Ntiro, aliwasimulia wanafunzi tukio ili walione kwanza kwa jicho la ndani. Nami sijaona zoezi la wepesi lipitalo hili: tazama dakika tatu, geuka, uchore kwa dakika moja.

Rangi ya maji ndiyo mtihani mkubwa, kwa kuwa jua la Kingolwira huikausha karatasi upesi, na anayerudisha maji juu ya rangi iliyokauka nusu huambulia doa lenye kingo za mawimbi. Ukingo wa jabali na uwe mkali, wa wingu uyeyuke, maana uliwekwa karatasi ingali mbichi. Vikiwa vikali vyote viwili, jamaa amepanga jiwe juu ya jiwe. Na weupe uwe ni karatasi yenyewe iliyoachwa, si chokaa iliyopakwa baadaye.

Mwisho, iombe michoro yote ya asubuhi moja, uipange chini kwa mfuatano wake. Ukiona wa saba una mistari michache kuliko wa kwanza, na bado unakitambua kilele cha Lupanga, mnunulie mchoraji chai, kisha umwombe huo wa saba kabla hajarudi kuupamba.