Kibano Si Kabari

Ile video ya tela la kambi mmeiona, maana imezunguka kwenye makundi yote ya Watanzania na Wakenya walioko Marekani, na huku nyumbani imeshafika. Sitaisimulia upya. Ninachotaka ni sekunde chache tu, zile ambapo yule bwana anamaliza kukaza kibano katikati ya matairi mawili ya upande wa kushoto, anasimama, analipiga tairi teke, kisha anamwambia mwenzake achomoe tela kwenye pikapu. Kazi iliharibikia hapo. Tela kurudi nyuma hatua nzima na mguu wa jeki kuanguka kutoka kwenye ubao ni matokeo tu.

Haki yake apewe: alisawazisha kushoto na kulia kwa mbao kabla ya jambo lingine, na mbao zilikuwa pana za kutosha.

Sasa kibano. Chuma kile cha mkasi kimetengenezwa ili tela lisitikisike watu wanapotembea ndani. Kinalisukuma tairi la mbele na la nyuma yasizunguke, na kwa kazi hiyo sina neno nacho. Lakini nguvu yake yote inatokana na nafasi iliyopo kati ya matairi hayo mawili, na nafasi hiyo haitulii. Ukizungusha jeki ya mbele kuinua pua ya tela, uzito unahama, springi zinajipanga upya, tairi moja linabonyea zaidi ya jenzake, na kibano ulichokikaza dakika mbili zilizopita kimelegea bila mtu kukigusa. Hata jua hufanya hivyo: tairi hutanuka mchana na kusinyaa usiku, ndiyo maana wanaokijua hukikaza tena asubuhi. Kibano huja mwisho, tela likishachomolewa na kusawazishwa mbele na nyuma. Yeye alikiweka mwanzo, kikiwa peke yake bila kabari, juu ya changarawe, kwenye mteremko unaoonekana hata kwa simu yenye kioo kilichopasuka.

Eti mteremko ulikuwa mdogo! Piga hesabu. Tela la kilo 3,000 kwenye mteremko unaoshuka mita 1 kwa kila mita 20 linasukuma kuelekea chini kwa nguvu ya kilo 150 hivi, na mteremko wa namna hiyo jicho halishtuki. Tena matela ya Kimarekani ya aina ile kwa kawaida hayana handibreki. Breki zake ni za umeme na zinasubiri amri kutoka kwenye gari. Ukichomoa gari, umechomoa breki. Ipo kamba ya dharura inayowasha breki kwa betri tela likikatika safarini, na wapo wanaoivuta ili waegeshe. Hilo nimelipinga miaka nenda miaka rudi. Betri inaisha, sumaku zinachemka, na asubuhi huna breki wala taa. Wenye karavani za Ulaya wana handibreki, ila nao wasijivune: mfumo wa kurudi nyuma hulegeza breki magurudumu yakizunguka kinyumenyume, kwa hiyo karavani huweza kuteleza kidogo kabla handibreki haijang'ata.

Na kabari zenyewe, watu wananunua kwa rangi. Zile za plastiki za njano, nyepesi kama bakuli la uji, tairi kubwa linazipanda na kuendelea na safari yake. Kanuni ya mafundi ni kimo kisichopungua robo ya kimo cha tairi. Tairi la 225/75 R15 lina kimo cha sm 72, kwa hiyo unatafuta kabari ya sm 18. Mpira mzito hushika lami na zege hata vikilowa, plastiki tupu huteleza. Kwenye changarawe fukua kwanza, kabari ikae kwenye ardhi ngumu, upande wa chini wa mteremko, magurudumu ya kushoto na ya kulia, ikiwa imegusa tairi kabisa. Kisha achia breki ya gari polepole, tela liilalie kabari, ndipo uchomoe.

Utingo wa zamani waliyajua haya bila video. Rhodesia ilipojitangazia uhuru mwaka 1965 na Zambia ikaegemea njia ya Dar es Salaam, malori ya Fiat na matela yake yalipita barabara ya vumbi na tope iliyoitwa njia ya jehanamu. Lori likianza kuhema mlimani, utingo ameshashuka, anatembea sambamba na gurudumu la nyuma, gogo mkononi. Gogo la mti mgumu lililochongwa, si jiwe la duara. (Na ninyi mnaotengeneza lori kwenye mlima wa Kitonga mkaondoka mkiacha mawe katikati ya lami, sijawasamehe.) Dereva hakuachia kitu mpaka asikie sauti ya utingo kwamba gogo limeingia. Hakuna hata mmoja kati yao ambaye angechomoa tela kwa kutegemea chuma kilichobanwa kati ya matairi.

Kwa hiyo wanaosema kibano kilikuwa kibovu wakiache. Kilikuwa kizima, kikapewa kazi isiyo yake, na kosa ni la aliyesema "chomoa". Wewe mwenye tela, nunua kabari nne za mpira kabla ya kufikiria kibano, na usiguse jeki kabla hazijakaa.