Mgunduzi, Mkusanyaji au Mwainishaji?

Miongoni mwa makosa yanayojitokeza mara kwa mara katika tafsiri za maandishi ya elimu ya mimea ni kumwita "mgunduzi" kila mtu aliyehusika na mmea mgeni kwa sayansi. Kosa hili si la neno tu, bali hupotosha historia.

Tuchukue mfano wa ua la Saintpaulia, lenye asili katika misitu ya Tanzania na Kenya. Mapema katika miaka ya 1890 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani aliyetawala wilaya ya Tanga, alilikusanya Usambara na kumpelekea baba yake Ujerumani. Baba huyo akalifikisha kwa Hermann Wendland, mkuu wa bustani za Herrenhausen mjini Hannover, ambaye mwaka 1893 alilieleza kitaalamu na kulipa jina. Basi wa kwanza ni mkusanyaji, na wa pili ni mwainishaji. Kazi hizi ni mbali mbali: mwaka 2015 wataalamu waliiingiza Saintpaulia katika jenasi ya Streptocarpus, na kwa hiyo uainishaji ukabadilika, ukusanyaji ulibaki vile vile.

Mfasiri anayemwita ofisa yule mgunduzi humnyima Wendland haki yake. Zaidi ya hayo, huwafuta wenyeji wa Usambara, ambao milima hiyo ni makao yao tangu kabla ya ofisa huyo kufika. Yatupasa kuuliza: ua hilo lilikuwa halijulikani kwa nani?

Dosari ya pili ni kuwaita wachunguzi wa kuvu "wataalamu wa mimea". Kuvu si mimea, kwani haijitengenezei chakula kwa mwanga wa jua. "Mtaalamu wa kuvu" yatosha. Kuvu liwe jina la kundi zima, na uyoga ni ile sehemu ya baadhi ya kuvu ichomozayo juu ya ardhi au gogo.

P. J. Greenway, aliyefanya kazi Amani, katika kamusi yake ya majina ya mimea ya mwaka 1940 alilitanguliza jina la Kiswahili, ndipo likafuata la kisayansi. Mpangilio huo unafaa kuigwa. Kwa hiyo twapendekeza "mkusanyaji" na "mwainishaji" vitumike kila kimoja mahali pake, na "mgunduzi" liachwe pale ambapo hakuna aliyejua kabla.