Adabu ya Pumzi Majini

Katika sanaa ambazo mwanadamu hujifunza kwa kiwiliwili chake, pasi na chombo wala silaha, sioni iliyo na heshima kubwa kuliko ile ya muogeleaji aendaye na kurudi bwawani kwa utaratibu, safari baada ya safari, asitwete wala asitaharuki. Na sababu ya kumsifu si nguvu ya mikono yake, ambayo hata mkata mkonge wa Korogwe anayo, bali ni adabu aliyoitia pumzi yake.

Sisi wa bara ya Tanga hatukulelewa na maji ya kuogelea. Handeni ni nchi ya ukame, ambako lambo ni amana ya mifugo na ya mitungi, na maji ya bomba yenyewe huvutwa kutoka Mto Pangani; na Korogwe, unakopita mto huo ukishuka kuelekea baharini, mamba wamewazuia wenye akili wasiufanye mahali pa mazoezi. Basi atakaye elimu hii hana budi kuteremka hadi Raskazone mjini Tanga, au penginepo penye bwawa na mwangalizi. Na aghalabu hufika na miguu iliyozoea vilima, akastaajabu kuona mita 25 tu zimemwacha hoi akihema.

Sababu ni dhahiri. Mpanda mlima huvuta hewa apendapo, ilhali muogeleaji huvuta pale tu mkono wake unapompa ruhusa, na maji yakimkaza kifua. Mgeni wa maji, kwa hofu, huizuia pumzi uso ukiwa chini, kisha ageuzapo kichwa hutaka kutoa na kuvuta kwa nafasi moja. Hapo kaboni dayoksaidi hubaki kifuani, nayo ndiyo, zaidi ya upungufu wa oksijeni, impayo mtu kiu ya hewa. Mtungi uliojaa haupokei maji mapya.

Ustadi, basi, huanzia katika kutoa. Uso uingiapo majini, pumzi huachiwa polepole kwa pua na mdomo, mapovu yakifuatana, hata yakaisha. Ndipo kichwa, bila ya kuinuliwa, hugeuka pamoja na bega, sikio moja likibaki majini, na mdomo ukavuta hewa katika kibonde ambacho kichwa chenye mwendo hukifanya kando yake. Ainuaye kichwa huzamisha miguu, na miguu ikizama kazi huzidi, na kazi ikizidi pumzi hupungua. Na kutweta kukianza, mwenye hekima hashindani nako, bali hupunguza mwendo, hurefusha mkono, na hushusha pumzi hadi mwisho.

Lakini kaboni dayoksaidi hiyo imsumbuayo muogeleaji ndiyo pia mlinzi wake. Wako wavutao pumzi nyingi za haraka kabla ya kupiga mbizi, wakidhani wameweka akiba. Kumbe wamemfukuza mlinzi, na oksijeni ikawaishia pasipo onyo, wakazimia majini kimya.

Kwa hiyo, enyi wazazi na walimu wa Handeni na Korogwe, msingoje bwawa lijengwe: mtoto na aanze kwa beseni la maji, mkubwa akimtazama, ajifunze kutoa pumzi kabla ya kujifunza kupiga mikono, na siku atakapofika penye kina, asiingie peke yake kamwe.