"Ina Nguvu": Uhakiki Mfupi wa Lugha ya Kuuzia Prosesa

Katika makala hii tunakusudia kuhakiki neno moja tu, nalo ni "nguvu" kama linavyotumiwa na wauzaji wa kompyuta za mezani. Mwanafunzi anayetafuta mashine ya kuandikia tasnifu huambiwa, "Chukua hii, prosesa yake ina nguvu." Naye huichukua. Haelezwi nguvu hiyo ni ya kufanya nini, wala itamgharimu nini baadaye.

Kwanza jina la kitu chenyewe. Wapo wasemao kichakataji na wapo wasemao prosesa. Kitenzi kuchakata kilitumika kwa mkonge kabla ya kuhamishiwa kwenye data, na sisi hatuoni ubaya wa uhamisho huo: kitu kinaingia kibichi upande mmoja, kinatoka upande wa pili kikiwa kimeandaliwa. Humu tunatumia prosesa kwa sababu ndilo neno la dukani. Ugomvi wetu hauko kwenye nomino bali kwenye sifa inayoambatishwa.

Katika Kiswahili nguvu ni uwezo wa kufanya kazi, na nguvu pia ni ya umeme. Prosesa huhusika na maana zote mbili, lakini mbili hizo si lazima ziende pamoja. Mwaka 2004 Intel ilikuwa ikiuza Pentium 4 zilizofikia mapigo ya gigahezi 3.8, zenye kipimo cha joto cha wati 115. Mwaka huohuo kampuni hiyo ilifuta mpango wa kufikisha gigahezi 4. Julai 2006 ikaleta Core 2 Duo. Ile ya E6600 ilipiga gigahezi 2.4 tu, kwa wati 65, na bado ikaiacha Pentium 4 nyuma, kwani ilikuwa na viini viwili na kila kiini kilifanya kazi nyingi zaidi kwa kila pigo. Je, kwa lugha ya dukani, ipi kati yao "ina nguvu"? Muuzaji wa mwaka ule angeweza kuisema sifa hiyo juu ya yoyote kati ya hizo mbili bila kusema uongo. Neno lisilotofautisha halimsaidii mnunuzi.

Hapa Kinyinya tunao mfano ulio wazi zaidi, ingawa si wa kompyuta ya mezani. Mwaka 2009 watoto wa shule ya msingi ya Kagugu walikuwa tayari wanatumia kompyuta ndogo za XO, zile za mpango wa kompyuta moja kwa kila mtoto. Prosesa ya XO ya kwanza ilikuwa Geode LX 700 ya AMD, yenye mapigo ya megahezi 433, na katika jina lake kamili la kibiashara zilitajwa wati zake: 0.8. Yaani sifa iliyotangulizwa ilikuwa ulaji mdogo wa umeme. Intel, mshindani wa AMD, iliingia katika bodi ya mradi huo Julai 2007 na kujitoa Januari 2008, huku ikiwa na kompyuta yake ya wanafunzi iitwayo Classmate. Waliolalamika kwamba XO ni nzito hawakukosea. Hata hivyo, kwa maoni yetu uchaguzi ule ulikuwa sahihi, kwa kuwa ulijibu swali lililoulizwa: mashine itakayotumika pasipo umeme wa uhakika.

Mwanafunzi wetu ana swali jingine, nalo limekuwa zito tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ilipokoma kutoa huduma ya kawaida kwa Windows 10. Dukani anawekewa kompyuta mbili zilizotumika. Moja ina Core i7-2600 ya mwaka 2011: viini vinne, gigahezi 3.4, wati 95. Nyingine ina Core i3-8100 ya mwaka 2017: viini vinne, gigahezi 3.6, wati 65. Saba ni kubwa kuliko tatu, hivyo anashauriwa achukue i7. Lakini Windows 11 inaikubali hiyo i3 na haiitambui rasmi hiyo i7. (Anayetumia Linux hafungwi na sharti hili, na kwa kuchapa tasnifu i7 hiyo bado inafaa.) Tarakimu ya 3 au 7 ni cheo ndani ya familia ya kizazi kimoja, kizazi chenyewe kinasomwa baada ya kistari, 2 katika 2600 na 8 katika 8100. Neno kizazi tunalo, linaeleweka na kila mtu, na ndilo tungependa lisikike dukani badala ya nguvu, likifuatwa na idadi ya viini na wati.

Tahadhari moja. AMD nayo ina Ryzen 5 2600, ya mwaka 2018: gigahezi 3.4 kama ile i7, lakini viini sita, wati 65, na Windows 11 inaikubali. Anayenukuu "2600" peke yake hajataja prosesa yoyote. Na anayeinunua hiyo Ryzen aulize kama kompyuta ina kadi ya picha, kwani prosesa hiyo haina sehemu ya picha ndani yake, na bila kadi kioo kitabaki cheusi.